Programu inasema 61,000, daftari la mzee linasema 44,000

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini, niko na mkandarasi mdogo hapa Tukuyu. Tuna barabara ya vumbi ya kilomita 7 inayopandishwa kuwa ya lami. Inapita kwenye chai, inaingia migombani, inashuka mtoni, halafu inapanda tena. Eneo tulilipiga picha kwa droni, na usanifu nimeufanya mwenyewe kwenye Civil 3D, programu ya kusanifu barabara, kwa wiki tatu. Udongo wa kukata umetoka mita za ujazo 61,000. Mzee wetu wa ofisini, aliyeanza kazi enzi za rula na karatasi ya kuchorea, kapita njia hiyo hiyo na levo (darubini ya kupimia tofauti za kimo) na utepe, kapiga hesabu kwenye daftari lake, kapata 44,000. Bosi kasema kompyuta yangu ni ya kuchezea gemu. Faili nimekutumia, na kurasa za daftari lake pia. Nani kakosea? Na je, nirudi kwenye daftari?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Faili nimelifungua, nikakaa nalo jioni mbili. Nianze na lile linalokuuma: hesabu ya kompyuta haina kosa. Imekata sawasawa kile ulichoiambia kwamba ni mlima. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ule mlima ni majani.

Fungua mchoro wako, nenda kilomita 1+120 (yaani kilomita 1 na mita 120 toka mwanzo wa barabara) mpaka 1+720. Weka kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, za kila sentimita 20. Utaona zimekaa kwa kuachana, laini, kama ardhi inayoshuka polepole, halafu ghafla kontua nne zinabanana mahali pamoja, halafu zinaachana tena na kuendelea na upole wao. Ule mbanano ukiufuata kwa macho utaona umenyooka, unapiga kona ya mraba, unanyooka tena. Ardhi ya Rungwe haina tabia ya kupiga kona za mraba. Huo ni mpaka wa shamba la chai, na zile kontua nne ni kimo cha chai yenyewe, sentimita 80.

Droni haioni udongo, inaona kilicho juu. Programu ya kuunganisha picha hulinganisha picha moja na jirani yake, ikitafuta alama ile ile kwenye zote mbili, na kutokana na hapo inapata urefu wa kila nukta. Chai iliyofunga haiachi hata kitundu cha kuchungulia chini. Najua utaniambia uliwasha kichujio cha kuondoa mimea. Uliwasha, nimeona. Lakini kichujio hutafuta kitu kinachochomoza kuliko majirani zake: mwembe, nyumba, nguzo ya umeme. Chai inayochumwa vizuri ina uso uliosawazishwa kama meza, wachumaji wanaitunza iwe hivyo makusudi. Meza ya hekta kadhaa haichomozi popote isipokuwa pembeni, kwa hiyo kichujio kimeipitisha ikawa ardhi.

Sasa piga hesabu. Kwenye kipande hicho umeiacha barabara ya zamani ili unyooshe kona mbili (uamuzi mzuri, ingawa fidia ya chai itakuwa na maneno yake), kwa hiyo upana wote unaangukia chaini: mita 12 za barabara pamoja na mitaro. Urefu mita 600, mara upana 12, mara kimo 0.8. Ni mita za ujazo 5,760 za udongo ambao haupo, na sijahesabu jinsi ukingo wa kukata unavyopanuka ardhi ikionekana iko juu zaidi. Theluthi ya ugomvi wako na mzee imelala hapo, kwenye chai.

Migombani ni fujo ya aina nyingine. Kule kichujio kimefanya kazi nusu: migomba mingine kimeiondoa, mingine kimeiacha. Tazama mkato wa 3+460, yaani mchoro wa barabara ikikatwa kwa upana pale. Upande wa kushoto kuna kilima cha mita mbili na nusu, upana wake kama mita tatu. Nenda 3+480: hakipo. Kilima kinachotokea na kutoweka ndani ya mita 20 kinaitwa mgomba. Wewe umeusanifia ukingo wa kukata, na umeuchorea hata mtaro wa juu wa kuzuia maji. Nilicheka, nisamehe, maana na mimi nimewahi kufanya mabaya zaidi, nitakueleza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudi shambani. Usirudi na droni. Chukua totali stesheni, chombo cha kupima pembe na umbali kwa pamoja, na prizima, kioo chake cha kulengea. GPS hata ile nzuri ya kupokea masahihisho inasumbuka chini ya migomba, inapoteza satelaiti kila majani yakitikisika. Na usipime nukta hovyo kama mtu anayemwaga mbegu. Pima mistari: ukingo wa barabara ya zamani pande zote mbili, juu ya kingo na chini ya kingo, sakafu ya mtaro, katikati ya kijito, mdomo wa kila korongo. Halafu nukta za mstari mmoja uziunganishe ndani ya programu, uiambie kwamba huu ni mstari wa mvunjiko, usivukwe.

Hili la mistari nalikazia kwa sababu kwenye faili lako sijakuta hata mmoja. Programu hutengeneza uso wa ardhi kwa kuunganisha nukta tatu tatu kuwa pembetatu, na inachagua majirani kwa ukaribu wao. Haijui kwamba nukta hii ni ukingo wa korongo upande huu na ile ni ukingo wa upande wa pili. Ikiona ziko karibu inaziunganisha, na korongo lako linapata paa. Pale 5+040, ambapo mzee wako kaandika korongo la mita tatu, wewe una uwanda. Umeokoa udongo wa kujaza ambao mkandarasi ataununua kwa pesa halisi.

Kabla ya kuamini uso wowote, wa droni au wa totali stesheni, mimi huwa naupima kwa maji. Ndani ya Civil 3D kuna amri ya Water Drop. Unabonyeza mahali popote juu ya uso, inakuchorea njia ambayo tone la mvua lingeifuata kuteremka. Bonyeza mara ishirini upande wa juu wa barabara yako. Kama ardhi ni ya kweli, mistari yote itaelekea kwenye vijito unavyovijua kwa majina. Nilipobonyeza kwenye uso wako, matone manane yalikwenda mita chache yakafia katikati ya migomba, yaani kuna mashimo kule ambayo Mungu hakuyachimba. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kalavati ulizopanga kwa uso huu zitakuwa zinasubiri maji mahali ambapo hayaji.

Baada ya hapo chukua levo, tembea na mtu wa kushika fimbo, soma nukta kama arobaini ambazo hukuzitumia kutengeneza uso. Linganisha. Mimi, tofauti ya wastani ikizidi sentimita 10, sikadirii udongo kwa uso huo. Kuchora picha ya kumwonyesha diwani, sawa. Udongo, hapana.

Tuje kwenye ile kona kali ya kuteremka mtoni, 4+310. Nusu kipenyo chake ni mita 15. Upande wa ndani una kilima, unakikata kwenda juu mita 10 kwa mwinamo wa 1:1, kila mita ya kupanda inaingia ndani mita moja, maana yake ukingo unaingia ndani mita 10 zaidi ya barabara. Nusu ya barabara na mtaro ni mita 6. Jumla 16. Lakini kutoka katikati ya barabara hadi kitovu cha kona ni mita 15 tu! Mikato yako inakutana kitovuni na kupitana, korido, yaani umbo zima la barabara ndani ya programu, inajikunja kama tai ya shingoni, na udongo wa upande wa ndani unahesabiwa mara mbili au tatu. Hili halionekani kwenye jedwali la matokeo, linaonekana ukitazama korido kutoka juu tu. Kwa kipande hicho acha hesabu ya mikato. Tengeneza uso wa juu wa korido, usafishe pale ilipojikunja, halafu uulinganishe na uso wa ardhi, uso kwa uso. Programu itahesabu kilichopo katikati yake, hakuna cha kurudia.

Kwa kuwa tumefika kwenye kona hiyo: ile alama ya tahadhari iliyokaa juu yake haikuwekwa kama pambo. Uliweka mwendo wa usanifu kilomita 50 kwa saa barabara nzima. Kanuni unaijua, nusu kipenyo ni mwendo kipeo cha pili gawanya kwa 127 mara jumla ya mwinamo wa kona na msuguano wa pembeni. Kwa mwinamo wa asilimia 6 na msuguano wa 0.16, kilomita 50 inadai mita 90. Hata ukishuka hadi 40, kwa msuguano wa 0.17, bado inadai mita 55. Kona ya mita 15 ni ya kutambaa, isanifiwe kama kona ya kutambaa: upana wa ziada kwa ajili ya malori, alama za mwendo kabla yake, na mteremko upunguzwe ndani ya kona. Na ujue kwamba programu ikifunguliwa kama ilivyokuja inakagua kwa vigezo vya barabara vya AASHTO vya Marekani, haina habari na mwongozo wetu wa usanifu wa jiometria ya barabara wa mwaka 2011. Vigezo vya mwongozo unaviingiza mwenyewe, kwa mkono, jedwali kwa jedwali. Ni kazi ya siku mbili ambayo ukiifanya mara moja umemaliza. Ukiwa hapo hapo kwenye mipangilio, badilisha upande wa kuendesha uwe kushoto. Wako bado uko kulia.

Kuna jambo la tatu ambalo limekuongezea udongo kidogo kidogo kila mahali. Njia ya wastani wa mikato miwili, unayoitumia wewe na anayoitumia mzee, inachukua eneo la mkato huu na la mkato ujao, inagawa kwa mbili, inazidisha kwa umbali. Ardhi ikibadilika polepole, njia hii ni nzuri. Lakini mahali barabara inapotoka kwenye kukata kuingia kwenye kujaza, mkato unakonda upana na kina kwa pamoja mpaka unakwisha, kama ncha ya mkuki. Chukua mkato wa mita za mraba 12 unaoishia sifuri baada ya mita 20. Wastani unakupa 6 mara 20, mita za ujazo 120. Umbo lenyewe ni piramidi: 12 mara 20 gawanya kwa 3, yaani 80. Umeongeza nusu nzima juu ya kilicho halisi. Barabara ya tambarare za Usangu ina mabadiliko hayo mara chache. Yako, inayopanda na kushuka vijito, nimehesabu 31. Weka mikato kila mita 20 kwenye mistari iliyonyooka, kila mita 5 kwenye kona, na ongeza mkato pale pale kukata kunapokwisha.

Sasa na mzee, maana usidhani nimemtetea moja kwa moja. Mikato yake iko kila mita 50. Kwenye makorongo yenu, mita 50 ni mbali, kijilima kizima kinaweza kujificha kati ya mkato na mkato, na hilo linapunguza udongo wake. Pili, umesema alitumia utepe. Muulize kwa adabu kama aliulaza juu ya ardhi au aliushika mlalo. Kwenye mteremko wa asilimia 10, mita 100 za utepe uliolala ardhini ni mita 99 na nusu kwenye ramani. Nusu mita kila mita 100, mita 5 kila kilomita. Ndiyo sababu mkato wake wa 5+400 haufanani na wako wa 5+400: si mahali pamoja!

Hata angepima mlalo kabisa, bado msingekutana. Hapa ndipo watu wengi wa nyanda zetu za juu wanapopotea. Gridi ya UTM, yaani miraba ya ramani ambayo koordineti zetu zimekaa juu yake, inabana umbali karibu na meridiani yake ya kati (mstari wa longitudo unaopita katikati ya kanda), ambayo kwa kanda ya 36 ni nyuzi 33 mashariki, jirani kabisa na Mbeya. Juu ya hapo kuna mwinuko, kwa sababu gridi inahesabu kana kwamba tuko usawa wa bahari. Kwa Tukuyu, kwenye mwinuko wa mita 1,500, vyote viwili vikijumlishwa, kilomita moja ya ardhini inasomeka pungufu ya kilomita kwenye gridi kwa karibu sentimita 57. Kwa kilomita 7 ni mita 4. Ukihamia Iringa mjini mambo yanageuka: kule ni mbali na meridiani ya kati, gridi inarefusha, na kilomita moja inazidi kwa kama sentimita 45 hata baada ya kuondoa mwinuko. Ukiendelea mashariki kuelekea Kitonga unavuka nyuzi 36 na kuingia kanda ya 37, koordineti zinaanza upya kabisa. Kwa udongo tofauti hii ni ndogo, haifiki hata asilimia moja. Ila siku ya kuweka vigingi, kalavati ikikaa mita 4 kutoka kijitoni, hakuna atakayekusikiliza ukieleza habari za meridiani. Weka bikoni chache, alama za kudumu za upimaji, kando ya barabara, pima umbali kati yake kwa totali stesheni, uandike kizidisho kwenye mchoro ili kila mtu akione.

Hapa ndipo nina aibu yangu ya kukusimulia. Miaka yangu ya mwanzo tulisanifu barabara ya kijijini huko Umalila. Bikoni zilikuwa kwenye Arc 1960, mfumo wa koordineti wa zamani wa huku kwetu, mimi nukta zangu za GPS nilizichukua kwa WGS 84, mfumo wa GPS yenyewe, nikazichanganya kwenye mchoro mmoja bila kubadilisha. Mifumo hiyo miwili inapishana kama mita 300 kaskazini na kusini. Tulipofika kuweka vigingi, daraja dogo likaangukia katikati ya shamba la viazi, kijito kiko kule chini kinatuangalia. Mwenye shamba, mama mmoja mtu mzima, akauliza kama tunategemea kuleta na mto. Nakwambia kwa sababu ndani ya faili lako nimeona alama za kosa hilo hilo: uso wa droni ulikuwa mbali na bikoni, na wewe umeuvuta kwa mkono mpaka ukakaa. Urefu umeulinganisha vizuri, hapo nakusifu. Lakini kuvuta kwa mkono kunahamisha tu, hakurekebishi mzunguko wala kipimo. Rudi kwenye faili la asili, libadilishe mfumo kwa njia halali, lipelekwe kwenye Arc 1960 kanda ya 36 kusini, ndipo uliingize.

Kitu kidogo kuhusu jedwali la makisio: vizidisho vya kukata na kujaza umeviacha 1.00 kama vilivyokuja. Programu haijui udongo wenu. Ule wa majivu ya volkano ukichimbwa unavimba, ukishindiliwa unakaa tofauti na ulivyokuwa mlimani, na namba hizo zinatoka maabara, hazitoki kichwani. Foremani anayehesabu tripu za tipa anahesabu udongo uliovimba, kwa hiyo usije ukaingiza namba yake kwenye ugomvi huu kama shahidi wa tatu.

Ungeniuliza ipi kati ya 61,000 na 44,000 ipelekwe kwa mteja, ningesema hakuna. Yako ina chai ndani, ya mzee ina vilima vilivyorukwa. Nategemea jibu litakaa katikati, karibu zaidi na la mzee, lakini hilo ni pua yangu tu inanusa.

Na daftari, hapana, usirudi huko. Ila mzee umchukue. Mwombe akuchagulie mahali pa kupima, kwa sababu mtu aliyetembea njia ile na levo anajua korongo liko wapi kabla hujafungua kompyuta. Halafu chagueni mikato mitano pamoja, yeye apige kwa mkono, wewe utoe kwenye programu, mkae meza moja mpaka ifanane. Bosi awepo siku hiyo. Mikato mitano inayofanana itamnyamazisha kuliko maelezo yote niliyoandika hapa.

Anza na chai, kipande cha 1+120, kwa sababu ni kikubwa na ni rahisi kukipima: mistari kati ya matuta inapitika, prizima itagusa udongo. Migomba ifuate. Fanya kabla mvua za Novemba hazijashika, maana baada ya hapo totali stesheni utaishikilia chini ya mwavuli. Ukimaliza nitumie uso mpya peke yake. Korido iache kwanza.